Dharura Iliyoondolewa Kwenye Orodha

Hii nilisimuliwa na binti wa marehemu dada yangu, inspekta wa upelelezi, wiki ile alipokuja kunishushia mapazia nifue. Naiandika kama alivyoisema.

Mama mmoja mgonjwa alikutwa amekufa kitandani, midomo imegeuka bluu. Mtungi wa oksijeni ulikuwa mtupu. Mumewe alikaa pembeni, simu mkononi.

"Niliwapigia wauza hewa ya mitungi saa nne asubuhi," alimwambia Inspekta. "Binti aliyepokea akasema nitapigiwa ndani ya siku tatu. Siku tatu, mwanangu! Mtu hata saa moja hana!"

Binti huyo mpokea simu alikuwa keshawekwa mahabusu kwa kuua kwa uzembe. Maziwa yalimlowesha blauzi. Kichanga chake kilibaki kwa jirani.

"Nikichagua 'Mgonjwa wa Nyumbani', orodha ya pili inafunguka yenyewe kwenye skrini," alisema. "Siku zote 'Dharura' imo. Jana haikuwemo. Nikamwita kaka."

Kaka huyo, wa baba mmoja, ndiye msimamizi wa wapokea simu.

"Akasemaje?"

"'Andika Maulizo, mengine niachie mimi.' Na Maulizo hujibiwa ndani ya siku tatu."

Msimamizi aliposikia hayo alicheka, akageuza skrini. "Tazama, afande. Dharura hii hapa. Huyu uongo kaanza na meno ya utoto."

Kweli, ilikuwepo. Inspekta akamgeukia fundi wa mfumo wa kompyuta, mzee aliyefunga miwani kwa uzi.

"Ya jana unaweza kunionyesha?"

"Skrini inajua ya leo tu. Ngoja niiulize mashine yenyewe."

Akaandika mistari michache ya maagizo: kwa kila aina ya mteja, taja machaguo yanayoruhusiwa. Akaiuliza ya leo, kisha nakala ya akiba iliyohifadhiwa jana saa sita mchana.

Leo, chini ya Mgonjwa wa Nyumbani: Dharura, Malalamiko, Maulizo.

Jana: Malalamiko, Maulizo. Basi.

"Dharura waliachiwa hospitali peke yao," fundi alisema taratibu. "Imeondolewa saa tatu na nusu asubuhi, ikarudishwa saa kumi jioni. Kwa nywila ya msimamizi."

Katika chumba cha mahojiano, msimamizi hakucheka tena.

"Nywila yako nani mwingine anaijua?"

"Hakuna."

"Mdogo wako alikukosea nini?"

"Mwezi ujao wangemkalisha kwenye kiti changu. Kazi nimtafutie mimi, halafu aje kunituma? Mtoto wa mke mdogo!"

"Na mama wa watu?"

"Simjui." Akainua mabega. "Angeweza kuwa yeyote. Nilihitaji mmoja tu afe, wamfukuze."

Akaomba chai. Alipokwisha kuinywa alijilaza kwenye benchi la mahabusu, akakoroma.

Binti alitoka mahabusu siku ya tatu, maziwa yamekata. Kichanga kilimkataa, kikalia hadi kikasinzia begani kwa jirani aliyekaa mkekani. Naye mama akasinzia sakafuni, ameshika kiguu cha mwanawe.

Mchana huohuo Inspekta alikwenda kumweleza yaliyobainika mzee yule aliyefiwa na mkewe. Hata hajamaliza, simu ya mzee ikaita. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa, tamu kama ya mchumba:

"Maulizo yako yamefungwa. Kama umeridhika na huduma, bonyeza moja."

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akauliza, "nibonyeze ngapi?"



Mzee akailaza simu juu ya mto wa mkewe, akapanda kitandani upande wake wa ukutani, akalala.