Nati ya Klachi

ALHAMISI, SAA KUMI JIONI

Walikaa kwenye chumba cha nyuma cha kinyozi, kati ya ndoo ya nywele zilizofagiliwa na kioo kilichopasuka. Watu watatu. Kinyozi mwenyewe, mkubwa wao. Fundi, dereva wa kazi. Na shemeji yake Fundi, kaka wa mkewe, mwenye mikono iliyojaa makovu ya machimbo.

Wa kuibiwa alikuwa dalali wa vito. Mtu huyu hakuwahi kushika sururu maishani mwake. Mawe aliyanunua kwa bei ya kutupa, akayauza kwa bei ya kujenga ghorofa, na waliochimba wakabaki na kikohozi. Baba yake Shemeji alipofukiwa shimoni, dalali alituma jeneza. Kisha akalikata kwenye ujira wa marehemu. Mji ulisahau. Wanawe hawakusahau.

Dalali alikuwa akinyolewa hapohapo, na chini ya povu la sabuni mdomo wake haukuwa na kufuli. Ndivyo Kinyozi alivyojua kuwa kesho asubuhi mawe yanatolewa kwenye sefu kupelekwa kwa mnunuzi, na mlinzi atakuwa mmoja. Basi yeye na Shemeji wataingia dukani kwa dalali kwa mlango wa nyuma. Shemeji atamdhibiti mlinzi, Kinyozi atabeba mfuko. Fundi atasubiri kichochoroni, injini ikiwaka.

"Na gari?" Kinyozi akauliza.

Gari lilikuwa dogo, kuukuu, la rangi ambayo hakuna shahidi angeikumbuka. Ndiyo maana lilichaguliwa. Askari husimamisha magari ya maana. Kigari kama hicho humpita puani asikione. Ila gia zake zilikuwa ngumu. Kuingiza namba moja kulitaka mikono miwili na matusi. Fundi akaeleza kwamba oili ya giaboksi ilikuwa imegeuka lami. Ameimwaga, ameweka mpya. Viungo vya gia chini amevisafisha na kuvipaka grisi. Sasa zinaingia kwa vidole viwili.

"Vidole viwili," Kinyozi akasema. "Zikigoma kesho, hivyo vidole utavitafuta."

Shemeji akacheka. Akacheka peke yake.

IJUMAA, SAA MOJA ASUBUHI

Uani kwake, Fundi aliwasha gari, akakanyaga klachi, akasukuma gia. Ikagoma. Akasukuma tena. Giaboksi ikasaga meno. Akazima injini, akajaribu: zote zikaingia, laini. Akawasha: zikagoma.

Basi si oili. Gia zikikubali injini ikiwa imezimwa na kukataa ikiwaka, ugonjwa uko kwenye klachi, haiachii yote. Akafungua boneti, akafuata waya wa klachi kwa kidole mpaka mwisho. Nati inayoukaza ilikuwa imerudishwa nyuma, na nyuzi za skrubu zilizokuwa chini yake ziling'aa upya. Nati hailegei hivyo kwa kulala. Mkono umepita hapo, tena mkono unaojua.

Wa nani? Kinyozi hata kifuniko cha redieta hajui kinafungukia wapi. Shemeji ndiye aliyelala ndani ya gari kulilinda. Alijitolea mwenyewe, haraka mno. Sasa alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, na mkono wa shati lake ulikuwa na grisi.

Fundi akamuuliza ameamkaje. Akajibu amelala kama gogo, shemeji, ila usukani umemla mbavu.

Kikulacho ki nguoni mwako, Fundi akawaza. Akakaza nati, akajaribu gia, akafunga boneti. Mkewe alikuwa akifua kando ya ukuta. Wiki nzima hakuwa na neno naye, tangu alipomwomba asiende, akaambiwa hayo si mambo ya wanawake.

"Limepona?" mkewe akauliza.

"Limepona."

Mkewe akaendelea kuikamua nguo ileile, ingawa haikuwa na tone la maji.

SAA MBILI

Walimpitia Kinyozi. Fundi akamwacha Shemeji garini, akaingia ndani peke yake, akasema aliyoyaona. Kinyozi alisikiliza huku akifuta wembe. Hakutaka ushahidi, hakuuliza mara mbili.

"Mtu wa hivyo habebwi," akasema.

Fundi alikuwa na neno la kusema. Kwamba huyu amekula nyumbani kwake miaka yote. Kwamba kama kuna mtu mwenye deni la damu na dalali, ni huyu. Neno likafika kooni, akalimeza. Hapo dalali akapata mlinzi wa pili, bila kumlipa hata senti. Matajiri wamelindwa hivyo tangu zamani: wewe unamwangalia nduguyo, yeye anaangalia sefu.

SAA TATU

Kichochoro kilikuwa kitupu. Ndani kulisikika kishindo kimoja, kisha kimya. Kinyozi akatoka na mfuko kwapani, akavuta mlango wa vyuma nyuma yake, akabana kufuli. King'ora cha duka kikaanza kulia.

Mikono yenye makovu ikashika vyuma kwa ndani.

"Shemeji," sauti ikasema, bado ya upole. "Kufuli limejifunga. Mwambie Kinyozi anifungulie."

Alidhani ni bahati mbaya.

"Ondoa gari," Kinyozi akasema.

Gia ikaingia kwa vidole viwili. Namba mbili, namba tatu, bila kukwaruza. Fundi hakuwahi kutengeneza kitu kikatengenezeka vizuri hivyo. Sokoni Kinyozi akashuka na mfuko, akasema watatafutana. Umati ukammeza.

SAA TATU NA NUSU

Mkewe alikuwa bado uani. Aliangalia kiti cha nyuma kwanza, kisha uso wa mumewe.

"Kaka yuko wapi?"

Akamweleza. Amebaki, Kinyozi amemfungia ndani. Alikuwa amewauza, alilegeza klachi gari liwafie palepale, wakamatwe.

Mkewe akajifuta mikono kwenye kanga, kidole kwa kidole.

"Nati nililegeza mimi," akasema. "Kaka alipoingia ndani kunawa. Si ulinifundisha mwenyewe, nikikushikia taa? Baba alikwenda na mawe hayohayo. Nilitaka gari lisitoke hapa, basi."

"Ungesema."

"Nilisema."

Mbali, upande wa duka, ving'ora vilikuwa vimeshakuwa viwili. Mkewe akafungua mlango wa mbele, akakaa.

"Nipeleke kwake. Ukamwambie wewe mwenyewe nani alifunga, na kwa nini."

"Wakiniona na hili gari, sirudi nyumbani."

"Ndiyo," akasema, akafunga mlango.

Fundi alisimama na ufunguo mkononi. Hatimaye akazunguka upande wa usukani, akaingia, akawasha, na kigari kikatoka uani kuelekea kule ving'ora vilikokuwa vinalia.