Sindano Waliyomkatalia

Nitawasimulia kisa hiki, na mkiniona nimekasirika mnivumilie, maana hasira hii ina haki yake.

Palikuwa na msusi ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Redio. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye viti vitatu, kioo kilichopasuka pembeni na feni iliyopiga kelele kuliko ilivyopuliza. Wanawake walijaa humo tangu asubuhi, na hakuna kilichofichika: nani kagombana na mumewe, nani kaposwa, nani karudi kwao na sanduku. Palipopooza Bi Redio alitia chumvi, wateja wakacheka mpaka akawaomba watulize vichwa asije akapindisha njia za nywele. Kwa mambo ya watu hakuwa na haya hata chembe.

Ya kwake aliyafungia ndani. Kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa akiwashwa sehemu za siri. Alimdanganya muuza dawa kwamba ana fangasi za miguu, akapewa dawa ya miguu akaipaka pasipo mguu. Kikatokea kivimbe kigumu, kikafumuka kidonda, na kukaa kukawa adhabu. Akawa anasuka amesimama, akisingizia mgongo.

Mteja mmoja, mkunga kwa kazi yake, hakudanganyika. Alisubiri wenzake waondoke, akafunga mlango.

"Dada, mgongo hauumi hivyo. Niambie unaumwa wapi."

Bi Redio, yule wa maneno elfu, akaonyesha kwa kidole na kuanza kulia.

Kesho yake mkunga alimpeleka hospitali. Daktari, mama wa makamo asiyependa kuzungukazunguka, alikata kinyama kidogo kikapelekwa maabara. Jibu likarudi: saratani ya sehemu ya nje ya uke. Inatibika, alisema, ila hakati kitu kabla hajajua imefika wapi. Akaandika vipimo: damu, picha ya kifua, skani ya tumbo na nyonga, na kuchunguza shingo ya kizazi. Halafu akamlaza, akampapasa kinena pande zote mbili, na mkono ukasita upande wa kushoto. Palikuwa na kivimbe cha ukubwa wa harage.

"Ugonjwa huu ukianza kusambaa, mara nyingi hufika kwanza hapa, kwenye tezi za kinena," alisema. "Nataka niipige tezi hii ultrasaundi, kisha niichome sindano nyembamba nitoe chembe zipimwe. Ikiwa na saratani tutajua namna ya kuitibu. Nikikata kidonda nikaiacha tezi, nitakuwa nimekudanganya."

Maneno mepesi, mtoto angeyaelewa. Sasa sikilizeni watu wazima walivyoyafanya.

Katika ukoo ule hakuna lililofanyika bila kikao cha shemeji mkubwa, kaka wa mumewe. Alikuwa amestaafu usimamizi wa ghala, lakini kusimamia watu hakustaafu. Wanaume na mawifi wawili walikaa sebuleni. Mwenye mwili akaachwa jikoni achemshe chai, akisikia anavyojadiliwa kama kiti kilichovunjika mguu. Shemeji alisema uvimbe ukichomwa sindano hukasirika na kusambaa, na kwamba huo ni mtoki tu, kila mwenye kidonda huvimba mtoki. Mawifi walisema ni aibu mtu mzima kuvuliwa nguo kila wiki. Kikao kikaamua: kidonda kikatwe, kinena kisiguswe. Bi Redio alisimama mlangoni, akamwomba mumewe kwa macho. Mume akakohoa.

"Kaka ameshasema," akasema.

Hapo ndipo ninapotaka kupiga meza. Mwanamume aliyelala na mke wake miaka ishirini na sita, akapewa nafasi ya kusema neno moja, akaligawa kwa kaka yake!

Daktari alikataa kukata kwa masharti hayo, basi shemeji akatafuta zahanati iliyokubali. Huko hakuna aliyegusa kinena. Kidonda kilikatwa, kikapona, na shemeji akatembea kifua mbele. Baada ya miezi mitano lile harage lilikuwa limao, ngozi juu yake imeiva, mguu wa kushoto umevimba hata kiatu hakiingii. Bi Redio alirudi kwa daktari wa kwanza. Skani ikaonyesha ugonjwa umepanda mpaka ndani ya nyonga na mapafuni. Daktari hakumgombeza. Alimwambia mionzi itampunguzia maumivu, lakini kumponya sasa hawezi.

Shemeji akaitisha kikao kingine, kuamua kama mionzi inafaa. Safari hii Bi Redio hakwenda jikoni. Alivuta kiti akaketi katikati yao, kwa taabu.

"Nina saratani ya uke," alisema. Wifi mmoja akajifunika uso. "Funua uso, wifi, utazoea. Mliona aibu kwa niaba yangu. Shemeji, ile sindano ingeniuma dakika moja. Na wewe, mume wangu, sikutaka ujue udaktari. Nilitaka useme tu, mwacheni achomwe."

Shemeji alianza kuzungumzia majaliwa. Mume, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akamwambia kaka yake anyamaze. Alikuwa amechelewa miezi sita.

Bi Redio alikwenda kwenye mionzi. Mwaka haukuisha akafariki. Msibani shemeji aliwaambia watu kwamba marehemu alisumbuliwa na presha.

FUNZO

Mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Dada, mama, shangazi: muwasho usiopona, kivimbe au kidonda sehemu hizo, usipake dawa ya kubahatisha. Nenda, vua nguo, taja mahali. Ukiambiwa ni saratani, kabla ya kukubali kisu uliza kama tezi za kinena zimechunguzwa, na woga wako wa sindano mwulize daktari, usiuulize ukoo.

Na ninyi wenye vikao, mwiteni mwenye mwili kutoka jikoni, aseme kwanza yeye. Kama mmeshamkatalia mtu matibabu, basi angalau msibani msiseme ni presha.