Kopo la Mzee Zwicker

Supu ya kombe wa baharini ilimwagikia viatu vyeupe vya Greta Zwicker, nzito, ya maziwa, na moto wake ukapenya hadi kwenye soksi. Gati la Marblehead lilifurika watu waliokuja kuangalia mashua za matanga zikianza mbio za kwenda Halifax, na katika umati wote huo ni mtu mmoja tu aliyekuwa akitembea kinyumenyume huku anakula.

"Kaka, hayo macho ni ya kuonea au ya kupambia uso?"

"Dada yangu, nisamehe. Nilikuwa naangalia matanga." Akachuchumaa, akampangusa kiatu kwa mkono mtupu, kisha, Mungu wangu, akalamba kidole. "Tena ilikuwa tamu."

Greta alivuta mguu nyuma. Alikuwa mkaguzi wa samaki kiwandani Lunenburg, mwenye pua ya kumjua samaki aliyeharibika tangu mlangoni. Lakini jamaa alikuwa na mabega mapana, shati la buluu lililopauka kwa jua, na kicheko kisicho na haya. Aliitwa Lorne Thibodeau, mshona matanga, na kifuani alibandika beji kama ya Greta.

Ilikuwa beji ya wasaka-kopo. Mashua zikienda kwa bahari, wao huzifuata kwa barabara, wakitafuta makopo kumi yaliyofichwa njiani mpaka Halifax. Simu inakuonyesha mahali, macho yanamalizia. Ukilipata kopo, unaandika jina kwenye kijitabu kilichomo ndani na kulirudisha palepale. Huendi peke yako, mnakwenda wawili wawili, na asubuhi hiyo dada yake Greta alikuwa ameugua, na mwenzake Lorne hakutokea.

"Gari ninalo," Lorne alisema. "Linanukia kidogo."

"Linanukia nini?"

"Chambo."

Halikunukia, lilinuka. Greta alisafiri na kitambaa puani, kichwa nje ya dirisha, huku Lorne akiimba na kutafuna mwani mkavu uliomwachia meno ya zambarau. Alimwita "bibi mkaguzi", akampanguzia kiti kila waliposimama kula, na kufika kopo la tano Greta alikuwa anacheka hadi anashika mbavu. Hapo ndipo alipomweleza habari za kopo la sita.

"La sita alilificha baba yangu, miaka tisa iliyopita, kwenye pango la ufukweni pale St. Martins, linaloingilika maji yakipwa tu. Kila mwaka alinibembeleza nije tulitazame. Nikamwambia, baba, makopo ya matopeni na mimi wapi na wapi? Amefariki Februari. Wanasema ukurasa wa kwanza ameandika kitu. Lorne, sijaja kushindana. Nataka kusoma mwandiko wake."

"Utausoma, mpenzi," Lorne alisema. Ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo.

Walifika St. Martins wamechelewa saa nzima. Lorne alisoma jedwali la maji kupwa na kujaa vizuri kabisa, ila saa yake ya mkononi ilikuwa bado ya Marblehead, na ukivuka mpaka wa nchi kuingia New Brunswick saa husogezwa mbele kwa saa moja. Maji yalikwishaanza kujaa tena. Njia ya pangoni ilibaki tope jekundu na mwani unaoteleza, unaonuka yai viza. Greta alishuka hatua mbili, kiatu kikazama hadi kifundo, akarudi garini.

"Kaa hapo, nitakupigia picha ya ukurasa wake," Lorne alisema, akakimbia.

Alirudi amelowa hadi kifuani. "Nimelipata. Nimeandika majina yetu, ukurasa wa mzee sikuusoma, huo ni wako. Ila picha... simu imeingia maji."

Greta alilia, akambusu hivyohivyo na tope lake.

Siku ya pili, ukumbini Halifax, wakati Greta na Lorne wakiitwa jukwaani kama washindi wa tatu, mama mmoja mwenye kofia ya manjano aliinuka.

"Thibodeau? Wewe ndiye uliyetupa kikopo cha dawa ya fangasi za miguu pale pangoni? Kina jina lako ubavuni. Nimekiokota mdomoni mwa pango."

Ukumbi mzima ulisema "ebo!" Kwa wasaka-kopo hakuna uchafu kuupita huo: kushindwa kulipata kopo, ukaweka la kwako na kujiandikia ushindi. Greta alikinyakua, akakifungua. Ndani, kwenye karatasi iliyonuka dawa, palikuwa na jina lake kando ya jina la Lorne.

"Maji yalikuwa yananifikia kifuani," Lorne alinong'ona. "Nilikuona unavyongoja, nikashindwa kukwambia sikulipata."

"Jina langu umelitia kwenye dawa ya miguu yako! Mahali pa baba yangu! Unanitia kinyaa, Lorne. Si chambo, si tope. Wewe."

Alikwenda msalani akanawa mikono mara tatu. Kisha akapanda basi la Lunenburg.

Simu iliita siku sita. Hakupokea. Siku ya saba aliipokea ili amtukane.

"Usikate," Lorne alisema. Nyuma yake mawimbi yalisikika. "Nimewaandikia waamuzi watufute. Na kopo la mzee nimelipata. Kila maji yakipwa naingia, yakijaa natoka. Lilikuwa limeporomokewa na jiwe. Sijalifungua, Greta. Kesho maji yanapwa saa nne asubuhi. Saa nne za huku."

Greta alikata bila kujibu. Alfajiri alitoa mabuti ya baba yake stoo, ya mpira, yenye ukungu ndani, akayavaa huku anajikaza asitapike.

Saa nne alimkuta Lorne mdomoni mwa pango, ndevu zimeota, mwani umemganda shingoni.

"Unanuka," alimwambia.

"Najua."

"Kikopo chako hiki hapa. Kakitupe jalalani mwenyewe." Akamtia kikopo mfukoni. "Na mimi siku ile nilikaa garini kwa sababu ya tope. Baba yangu yuko humu, nami naogopa viatu. Hilo nalo linanitia kinyaa."

Kopo lilikuwa la chuma, limeliwa na kutu. Ukurasa wa kwanza wa kijitabu, kwa ule mwandiko wa kulalia kushoto, ulisema: *Kama hukulipata, usiandike. Kama umelipata, usikimbie. Keti.*

Alisoma mara nyingi, machozi yakidondoka kwenye mabuti. Aliandika jina lake, kisha akamshikisha Lorne kalamu.

"Umelipata mwenyewe?"

"Siku sita."

"Basi andika. Kwa mwandiko mzuri, maana mzee alikuwa mkali."

Lorne aliandika, akalirudisha kopo pale pale, akageuka kutafuta kitambaa cha kumpanguzia jiwe. Alipogeuka tena, Greta alikuwa amekwisha kuketi juu ya mwani.