Pipa Lililorukwa

Haya yalimkuta rafiki yangu mmoja, fundi cherehani, mwanamke asiyejua kuongopa. Akiwa safarini na mumewe, walisimama kula mchana kwenye shamba la mizabibu la mama mmoja na binti zake, wanaotengeneza mvinyo wenyewe.

Baada ya chakula, mama aliwashusha ghalani, chini ya ardhi, wakaonje. Kulikuwa na giza totoro, na taa ilikuwa moja tu, mkononi mwake. Kila pipa aliligonga kwanza: lililojaa likatoa mlio mzito, tupu likalia ngo! Pipa la mwisho akalipita kimya.

“Na hili je, mama?” fundi akauliza, na kwa utani akaligonga mara tatu.

Ndani kukagongwa mara tatu.

Mumewe alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Fundi alimshika mkono, wakakimbilia ngazi wakijikwaa, na hadi leo hawajapita tena njia ile. Lakini kabla hawajafika juu walimsikia mama kule chini, akinong'ona kwa upole kama anayebembeleza mtoto:

“Lala, baba. Si hawa.”