Mwambie Atakayeumia

Lifti ilikwama katikati ya ghorofa, taa zikazimika, na Fundi akajikuta ameng'ang'ania shati la mwanamume asiyemjua. Watu walikuwa wamebanana humo ndani, mmoja akipiga mayowe.

"Dada, shika taratibu," sauti ilimwambia sikioni. "Shati lenyewe la kuazima."

Fundi alicheka gizani. Taa ziliporudi akamwona: mrefu, shati la bluu lililopigwa pasi, macho ya uchokozi. Mwanamume naye alimkodolea macho Fundi, binti wa gauni la njano, mwenye plasta kidoleni na mkoba wa shule begani alioushona kwa mkono wake. Fundi alikuwa anakwenda ghorofa ya juu, kwenye kituo cha wanaoanza biashara, kutafuta mshauri wa biashara yake ya kushona mikoba. Kumbe mshauri mwenyewe ndiye yule aliyekunjiwa shati.

Mshauri hakuwa na maneno makubwa. Jilipe mshahara, hata mdogo, usichote kwenye mauzo. Usikodi chumba kikubwa kwa ajili ya kujionyesha. Ila alikuwa na sharti moja lililowachekesha wenzake: kabla ya kusaini chochote, nenda kamwambie mtu atakayeumia mambo yakiharibika. Ukishindwa kumtazama usoni, weka kalamu chini.

Jioni zikawa za simu.

"Umejilipa, mpenzi?"

"Nimejilipa, bosi."

"Bosi ni wewe. Mimi nasubiri kuajiriwa moyoni."

"Leta barua ya maombi, tutakujibu!"

Kisha duka kubwa likataka mikoba kwa ajili ya matawi yake yote. Benki ilikubali kutoa mkopo wa vitambaa na cherehani, kwa rehani ya nyumba anayoishi mama. Baba alipofariki, mama aliiandikisha nyumba kwa jina la Fundi, hivyo saini yake peke yake ilitosha.

"Mama anajua?" Mshauri aliuliza kwenye simu.

"Nitamwambia wakishalipa."

"Wakichelewa? Wakirudisha mikoba? Mteja mmoja akiwa ndiye biashara yako yote, amekukaba koo."

"Sema tu huniamini."

"Wewe nakuamini, mpenzi. Wao ndio siwaamini."

Fundi akakata simu.

Kesho yake alikwenda kituoni kumtuliza, akakutana na mpokezi. "Mshauri ameomba uhamishiwe kwa mwenzake. Amesema hawezi kuendelea na wewe."

Fundi aligeuka akatoka, akiwaza. Mtu anayejua biashara ameona yangu inakufa, akakimbia mapema! Tangu hapo alikuwa akiamka usiku kupiga hesabu za mkopo. Kila mlango ulipogongwa aliwaza siku dalali wa mnada atakapokuja kuiuza nyumba.

Siku ya kusaini, afisa wa benki alimsogezea kalamu. Fundi aliitazama, akaomba radhi, akatoka mbio mpaka nyumbani.

Mama alikuwa uani akianika mapazia.

"Mama, nilitaka kuiweka nyumba rehani. Bila kukwambia."

Pazia lilimponyoka mama. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amejikunyata, ghafla akaonekana mzee.

"Wakiichukua, mwanangu, mimi nitalala wapi?"

Fundi aliokota pazia, akatoa simu mkobani. Alipiga dukani palepale, akaomba waanze na tawi moja na walipe nusu kabla hajakata kitambaa. Mnunuzi alisema watafikiria, akakata. Labda amewapoteza. Fundi aliogopa, lakini sasa aliweza kumtazama mama.

Mlango ukagongwa. Fundi akaenda kufungua. Mshauri alikuwa amesimama pale, shati jeupe limelowa jasho.

"Umefuata nini? Si ulinitupa?"

"Kituo hakiruhusu mshauri kumpenda anayemshauri. Ilibidi niache kimoja. Nikaacha kukushauri."

"Ukashindwa kuniambia? Nimekaribia kufa kwa hofu!"

"Ulinikatia simu. Nikaogopa hunitaki tena." Akamtazama usoni. "Nataka kukuoa, Fundi. Nikiliharibu hili, wewe ndiye utakayeumia. Ndiyo maana nimekuja kukwambia mwenyewe."

Fundi akasogea karibu kama siku ile ya lifti. Akamshika shati.

"Na hili la kuazima?"

"La kwangu."

"Basi nimekuajiri."

Kutoka uani mama aliita, sauti bado ina machozi, "Mkaribishe mgeni ndani, mwanangu. Nyumba bado tunayo."