Gauni la Skrini

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuuliza kuna nini jikoni, Kulikoni alishika kitambaa na kuanza kufuta vumbi katika chumba cha kazi cha mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani. Chumba chake kilitazama barabara, na kilijaa vijinyuzi vilivyoruka kutoka kwenye vitambaa na kutua popote vilipopenda: juu ya meza, kwenye kingo za dirisha, hata kwenye nyusi za wateja. Ukivifuta saa tisa, saa kumi vimesharudi. Kulikoni aliichukia kazi ile kuliko hesabu za sehemu, na hesabu za sehemu alizichukia vya kutosha.

Kulikoni si jina lililoandikwa kwenye daftari la mahudhurio. Alipewa nyumbani, kwa sababu tangu ajue kusema hakuna kitu kilichopita mbele yake bila kuulizwa "kulikoni?" Taa ikizimika, kulikoni? Kuku akisimama kwa mguu mmoja, kulikoni? Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na bado hajachoka kuuliza, ingawa watu wa nyumbani walikuwa wamechoka kujibu tangu siku nyingi.

Mwezi ule mama alipata kazi kubwa. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alimtaka adarizi nembo kwenye sweta za wanafunzi wote. Nembo ilipaswa kuchorwa kwanza kwenye kompyuta, kisha mashine ya kudarizi iufuate ule mchoro.

"Nazitaka kabla ya mwezi kwisha," mwalimu mkuu alisema. "Ukiona huwezi, niambie mapema nimpe fundi mwingine."

"Nitaweza, mwalimu, usiwe na wasiwasi," mama alijibu. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa tangu anunue mashine ile, na alilala akiiota. Siku mbili baadaye skrini ya kompyuta, lile zee lenye kisogo kirefu, likatoa harufu ya kuungua na kuzima kabisa.

Jumamosi asubuhi mama na binti yake wakaenda kwenye duka la kompyuta. Skrini zilipangwa ukutani, zote zikionyesha samaki wale wale wa rangi. Fundi wa duka alivaa miwani minene iliyomteleza puani kila alipoinama, na mtaa mzima ulimwita Fundi Miwani.

"Nipe ile kubwa," mama alisema kabla hata hajaketi.

"Kwa kazi gani, mama?"

"Ya kuchora nembo."

"Basi usiwe na haraka nayo," alisema Fundi Miwani. "Ile inawafaa wanaotazama mpira wakiwa wamekaa mbali."

Kulikoni alikuwa ameshaisogelea ile kubwa mpaka pua inakaribia kugusa kioo. "Fundi, kulikoni samaki wa hii kubwa ana kingo zenye ngazi, na wa ile ndogo amenyooka?"

Fundi Miwani alicheka, akafungua droo na kumpa kioo cha kukuzia. "Tazama mwenyewe."

Kulikoni akatazama. Samaki alitoweka. Mahali pake palikuwa na vinukta vyekundu, vya kijani na vya buluu, maelfu kwa maelfu, vimepangwa kwa safu. Alipiga kelele za furaha hadi wateja wawili wakageuka.

"Skrini hizi mbili zina idadi ile ile ya nukta," fundi alieleza. "Kwenye ile kubwa zimetanuliwa zijaze nafasi, ndiyo maana ukiwa karibu unaziona ngazi. Mama yako anakaa karibu. Anahitaji nukta zilizobanana."

Mama naye hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Alitoa mkobani kadi ya nyuzi zake, akaomba picha ya nembo ionyeshwe kwenye kila skrini, kisha akapita nayo moja baada ya nyingine akilinganisha. Kwenye skrini ya pili, rangi ya damu ya mzee iligeuka kahawia ukiitazama kwa upande. Kwenye ya nne, njano ilififia. Ya tano, ya ukubwa wa wastani, ilitoa rangi sawasawa na uzi, umesimama kulia au kushoto.

"Hii," mama alisema.

"Umenifundisha kitu leo," alisema Fundi Miwani. "Wengi huchagua kwa wembamba wa fremu." Akawaonyesha tundu la waya nyuma, akahakikisha linalingana na kompyuta yao, kisha akawapa karatasi ya waranti na kijitabu. "Waranti ni mwaka mmoja. Tunzeni risiti na boksi. Kasoro ya kiwandani tunabadilisha. Ikianguka, ikimwagikiwa maji au ikitumiwa vibaya, hiyo ni juu yenu. Someni kijitabu chote."

Kulikoni alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti njiani. Walipofika nyumbani alivutiwa zaidi na boksi, na kijitabu kikaingia droo ya vifungo.

Sasa ni lazima uifahamu nyumba ile. Katika nyumba ya fundi cherehani huyu hakuna kitu kilichokaa uchi. Redio ilikuwa na vazi lake, jagi la maji lina kofia, na kiti cha wageni kilivaa vizuri kuliko baadhi ya wageni wenyewe. Kwa hiyo jioni ile ile mama akakata pazia kuukuu na kuishonea skrini gauni lenye marinda. Mbele aliacha wazi ili aone kazi yake, na nyuma vilevile akaacha wazi.

Siku ya tatu Kulikoni akawa anafuta vijinyuzi kwenye matundu madogo ya nyuma ya skrini, vinaingia na kung'ang'ania, mpaka uvumilivu ukamwishia. Akachukua kipande cha pazia kilichobaki, akakishona nyuma ya gauni na kukibana kwa lastiki. Vumbi halikuingia tena. Mama alipoona, akasifu mishono, na Kulikoni akavimba kichwa.

Siku ya nane mchana, skrini ikazima ghafla mama akiwa katikati ya mchoro. Alibonyeza kitufe mara kumi bila jibu, akaitia kwenye boksi na kukimbia nayo dukani. Siku hiyo foleni ilifika mlangoni. Fundi Miwani alitazama risiti, akaona skrini haijamaliza hata wiki mbili, akatoa nyingine mpya papo hapo. Skrini ya pili ikavishwa gauni lile lile.

Haikupita wiki, nayo ikazima. Ilipowaka tena jioni ilikuwa na mstari wa zambarau kutoka juu hadi chini, tena katikati kabisa, pale pale nembo inapochorwa.

"Wametuuzia kimeo!" mama alifoka. "Mara mbili! Wanadhani mimi ni wa kuchezewa? Kesho nitawaonyesha." Zilibaki siku tisa mwezi uishe, na hakuna hata sweta moja iliyokuwa na nembo. Kulikoni alimwona mama akigeuka ukutani kufuta macho, na roho ikamuuma.

Kulikoni? Swali hilo halikumpa usingizi mzuri. Skrini mbili, ugonjwa mmoja. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Mama alipotoka kwenda kununua uzi, Kulikoni aliiwasha skrini ikiwa na gauni lake, akaweka kiganja nyuma baada ya muda. Palikuwa pa moto kama pasi. Akaivua gauni haraka na kuiacha ikiwaka. Saa nzima ikapita, kisha ya pili. Mgongo wa skrini ulikuwa vuguvugu tu, na haikuzima. Mstari wa zambarau ulibaki, lakini haikuzima.

Alitafuta kijitabu katikati ya vifungo. Ukurasa wa sita ulikuwa na picha: skrini iliyofunikwa kitambaa juu ya matundu ya hewa, na juu yake alama kubwa ya kukataza. Kulikoni alikaa chini sakafuni. Si kiwanda, si duka. Ni yeye, na kipande chake cha pazia, na uvivu wake wa kufuta vumbi.

Alikusudia kumwambia mama mara tu akirudi. Lakini mama aliingia kama upepo. "Twende, twende, kabla hawajafunga!" Aliizungushia skrini lile gauni isikwaruzwe, akaitia kwenye boksi na kutoka. Njia nzima Kulikoni aliyapima maneno yake. Akisema, waranti imekwenda, kazi ya sweta imekwenda. Asiposema, watapewa skrini mpya, ataivua gauni kimyakimya na hakuna atakayejua. Mbona ni rahisi hivyo?

Dukani mama hakungoja salamu. "Mnatuuzia vimeo!" alisema mbele ya wateja wote. Alivua gauni, akalikunja kwapani, na kuiweka skrini juu ya kaunta. "Ya pili hii! Mna haya kweli?"

Fundi Miwani aliiwasha. Mstari wa zambarau ukasimama katikati. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alionekana ameumia.

"Pole sana, mama. Mbili mfululizo si bahati mbaya. Mzigo mzima una kasoro." Alivuta fomu. "Nitakubadilishia kwa aina nyingine. Na hizi kumi na moja za aina hii zilizobaki nitaandika kuwa ni mbovu, zirudi zote kwa aliyetuletea. Hatutanunua kwake tena."

Kulikoni alizitazama zile kumi na moja ukutani, zote zinang'aa, zote nzima. Akamfikiria yule aliyezileta, mtu asiyemjua, atakavyosomewa kosa ambalo hakulifanya. Kalamu ya fundi iligusa karatasi.

"Usiandike, fundi." Sauti ilimtoka ndogo, akajikaza. "Si mbovu. Ni mimi niliyeiharibu."

Mama aligeuka. "Unasema nini wewe?"

Kulikoni alilichomoa gauni kwapani mwa mama, akalikunjua juu ya kaunta na kuonyesha kipande cha nyuma. Alieleza vyote: vijinyuzi, uvivu, lastiki, kiganja kilichoungua, ukurasa wa sita. Alipomaliza machozi yalikuwa yanamtiririka.

Fundi Miwani hakukasirika. Alilichukua gauni, akalipuliza kwa mdomo kutoka ndani, hewa isipite. "Mishono hii ni imara kweli," alisema. "Skrini ilikuwa imevaa koti juani." Kisha akakwaruza kichwa. "Ngoja kwanza. Ile ya kwanza ipo stoo, bado sijaipeleka kwa aliyetuletea. Ile siku sikuiwasha hata mara moja. Niliona foleni, nikabadilisha tu."

Akaileta. Alipoiwasha, samaki wa rangi wakatokea, bila mstari, bila doa. Waliingoja saa nzima, Kulikoni akiigusa mgongo kila baada ya dakika chache, haikuzima.

"Ilizima kujilinda na joto," fundi alisema. "Tungeiacha ipoe tungejua siku ile ile. Hilo ni kosa langu. Hii ni yenu tangu mwanzo, rudini nayo. Hii ya mstari waranti haiihusu, siwezi kudanganya. Lakini nadhani ni utepe wa waya umelegea ndani kwa joto, nitaufunga upya na itabaki hapa dukani. Badala ya malipo, mama, nishonee vifuniko vya hizi zote za ukutani. Vya kuvaa usiku zikiwa zimezimwa, sawa?"

"Sawa," mama alisema. Halafu akawageukia wateja wale wale waliomsikia akifoka. "Nimemkosea huyu ndugu mbele yenu, na mbele yenu namwomba radhi. Samahani sana, fundi."

"Yameisha, mama."

Siku ile ile nembo ikamaliziwa kuchorwa. Mashine ikalia kutwa nzima kwa juma zima, Kulikoni akikata nyuzi na kufuta matundu ya skrini kila alasiri bila kukumbushwa. Mwalimu mkuu alikuja kuchukua sweta zikiwa zimebaki siku mbili, akaipapasa nembo kwa kidole gumba, akaagiza na za walimu.

Alipoondoka, mama alikaa kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akamvuta binti yake karibu.

"Nimekuwa nikifikiria," alisema. "Ungenyamaza pale dukani, tungepata skrini mpya, nami ningerudi nyumbani najisifu kwamba nimewakomesha. Ningekusifu na wewe kwa kuwa mtoto mtulivu. Ningeishi hivyo mpaka leo, nikimsema vibaya mtu asiye na kosa na kujiona nina haki. Udadisi wako ulikuonyesha kosa lilipo. Ila wadadisi wengi wakigundua kosa ni lao, hapo hapo maswali huisha. Wewe hukuishia hapo, mwanangu, na ndiyo maana nakushukuru."

Kulikoni aliegemeza kichwa begani mwa mama. Kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, hakuuliza chochote.