Giza Usoni mwa Bibi Esteri

Kila Jumamosi asubuhi Irakoze alichota maji, akawasha moto, kisha akamsaidia bibi yake kupura maharage uani, pale kijijini Makere. Jumamosi hiyo maharage hakuyataka kabisa. Klabu yao ya filamu shuleni ilimtaka kila mwanafunzi arekodi mtu akisimulia maisha yake, naye alitamani kuwatoa watu machozi.

Alimwingiza Bibi Esteri ndani, akafunga dirisha, akamwekea tochi chini ya kidevu. Macho yakazama, mashavu yakabonyea.

"Usicheke, Bibi. Sema polepole."

"Mbona unanifanya mgonjwa?"

"Ndiyo filamu hiyo, Bibi."

Akamrekodi kwa simu, kisha akaituma filamu hiyo kwenye kundi la simu la kwaya ya kanisa lao bila maelezo yoyote. Maskini, alitaka sifa tu.

Jioni wanakwaya wakaja na kuni, unga na nyimbo za kumwombea mtu mahututi. Wakamkuta Bibi ameshika fimbo, anapura maharage. Nyimbo zikakatika.

"Kumbe mzima," alisema Mama Maximilla, kiongozi wao. "Siku hizi watu wanajifanya wagonjwa wapate unga?"

Wakageuza na kuni zao. Bibi, ambaye hajawahi kumwomba mtu hata chumvi, aliingia ndani akajifunika shuka, akakataa chakula. Irakoze aliona aibu. Akatoka mbio, akawakuta wanakwaya njiani.

"Mama, kosa ni langu," alimwambia Maximilla huku akilia. "Bibi hakujua. Nilimfungia dirisha, nikamwekea tochi ili aonekane anateseka."

Maximilla akarudi naye kumwomba Bibi radhi. Wanakwaya wote walimfuata.

Kesho yake Bibi mwenyewe alimwita mjukuu wake arekodi upya. Safari hii dirisha lilikuwa wazi. Mwanga uliangukia shavu moja, upande wa pili ukabaki mweusi. Irakoze akataka kutundika shuka jeupe ili mwanga ulipige na kurudi upande ule.

"Liache," alisema Bibi. "Nataka kusimulia habari za mdogo wangu, tuliyemzika njiani tulipokimbia kutoka Burundi. Giza hili ni langu. Lile la jana lilikuwa lako, ukanivika bila kuniuliza. Uso wa mtu ni mali yake, mjukuu wangu. Muulize kwanza ana huzuni gani, ndipo uchague pa kuweka taa."

Irakoze akabonyeza simu. Bibi akaanza kwa kulitaja jina la mdogo wake.